Barua ya wazi: Shati mmelirudisha limefuliwa. Reflekta iko wapi?

Kwa Mkuu wa Upelelezi wa Jinai wa kaunti yetu,
Kwa Msimamizi wa maabara iliyopokea vielelezo,
Kwa Daktari Msimamizi wa hospitali iliyohifadhi maiti,

Waheshimiwa,

KUH: UMBALI WA RISASI ILIYOMUUA MDOGO WANGU

Baada ya salamu na heshima zote, hii ni barua yangu ya tano. Nne za kwanza nilizileta kwa mkono. Nakala zake ninazo, na kila moja ina muhuri wa "IMEPOKELEWA" na sahihi ya karani. Jibu sikupata hata moja. Sikupenda kufika hapa, kwani sisi tumelelewa kwamba mambo ya msiba husemwa ndani. Majina yenu na ya ofisi zenu nimeyaacha kusudi. Mnajijua, na mimi sitafuti kumwaibisha mtu. Natafuta kipimo.

Mimi ni fundi cherehani, kazi niliyoifanya miaka 22 katika mji huu wa Pwani. Mdogo wangu alikuwa wa bodaboda. Usiku ule alikuwa amevaa shati la kijivu nililomshonea kwa mikono yangu, na juu yake reflekta, kizibao cha kung'aa cha chama chao cha steji, ile ya rangi ya ndimu yenye mistari miwili ya fedha. Maelezo ya polisi ni kwamba aliamriwa kusimama akakaidi, akaacha pikipiki na kukimbia, akageuka na kuelekeza bastola, ndipo akapigwa risasi moja ya kifua kutoka mita 10 hadi 15. Bastola yenyewe, kwa mujibu wa OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ilikuwa bandia. Watu watatu waliokuwa barazani wanaeleza mengine kabisa: kwamba alikuwa ameshakamatwa, yuko chini kwa magoti, na aliyempiga alisimama karibu kiasi cha kumgusa.

Kati ya kauli hizi mbili hakuna pa kupatana. Lakini si lazima tubaki kubishana kwa midomo, maana umbali wa risasi huacha alama, na alama hizo husomwa.

Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze kidogo, kama nilivyoelezwa na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya maabara, ambaye alinivumilia jioni nyingi kwa kahawa chungu. Risasi haitoki mtutuni peke yake. Hutoka na moto, gesi, masizi, na punje za baruti ambazo hazikuwahi kuungua zote. Hutoka pia na chembe ndogo mno za madini kutoka kwenye fataki iliyo kitakoni mwa ganda: risasi, bariamu na antimoni. (Kiswahili chetu hapa kinatutega. Risasi ni yale madini, na risasi ni kile kinachoua.) Vitu hivi ni vyepesi, hewa huvipokonya kasi upesi. Mtutu ukiwa umegusa ngozi, gesi huingia mwilini pamoja na risasi, na penye mfupa karibu, kama kichwani, ngozi hupasuka mfano wa nyota. Ukisogea nyuma kidogo, masizi hutanda kuzunguka tundu. Kwa bastola, masizi kwa kawaida hayavuki sentimita 30 hivi. Punje za baruti huruka mbele zaidi, sentimita 60, pengine hata kukaribia mita moja, kutegemea baruti na urefu wa mtutu. Zikikuta ngozi tupu huichoma vidoti vyekundu kama chale, na chale hizo hazitoki kwa kupanguswa. Zaidi ya hapo hubaki tundu tu na ukingo mwembamba mweusi, uchafu ambao risasi huupangusia inapopita. Ukingo huo huonekana kwa umbali wowote, na asiyejua huudhania masizi.

Sasa malalamiko yangu.

1. Reflekta haijulikani iliko.

Hili ndilo kubwa, na mtaniwia radhi nikilirefusha.

Picha iliyopigwa na jirani kabla mwili haujapakiwa inamwonyesha mdogo wangu amelala chali, reflekta mwilini, zipu imefungwa mpaka shingoni. Orodha ya vielelezo mliyonipa ina shati, suruali, kandambili jozi moja, simu, na bastola bandia. Reflekta haimo. Kandambili zimehifadhiwa, vazi lililopokea risasi kwanza halipo.

Nyote mnajua maana yake, lakini nitaisema. Masizi na baruti hutua juu ya kitu cha kwanza vinachokikuta. Kilichokuwa mbele ya mtutu ni reflekta. Shati lilikuwa chini yake, na ngozi chini ya shati. Ripoti ya maabara inasema: hakuna mabaki ya baruti kwenye shati. Ripoti ya upasuaji wa maiti inasema: hakuna masizi wala chale kwenye ngozi. Kisha mstari wa mwisho unaunganisha mawili haya na kutamka kwamba risasi ilipigwa kutoka mbali, "zaidi ya mita moja". Kwa fundi wa nguo hii ni sawa na kukagua bitana, kutoona vumbi, na kuapa kwamba koti halijatoka nje ya nyumba. Nguo nzito mbili zinaweza kuzuia baruti yote isifike mwilini hata kama mtutu ulikuwa hatua moja mbele yake. Ngozi safi chini ya nguo haithibitishi umbali. Inathibitisha kwamba mtu alikuwa amevaa.

Nilipouliza mdomo kwa mdomo, afisa mmoja aliniambia reflekta "huenda ilibaki kwenye gari." Basi gari hilo lina namba, na lina dereva.

2. Shati lilifuliwa kabla ya kupimwa.

Niliitwa kulitambua. Lilitolewa ndani ya mfuko wa plastiki, limekunjwa vizuri, linanukia sabuni ya kipande. Kola ilikuwa imenyooshwa. Nilisimama nalo pale kaunta nikashindwa kusema. Damu ilikuwa imebaki kivuli cha kahawia upande wa kushoto, na tundu, upana wa njegere, vidole vinne kutoka kifungo cha tatu.

Mhudumu wa mochari, mzee wa makamo na muungwana, alikiri mbele yangu kwamba alilifua yeye. Nguo zilikuwa zimekaa siku tatu pembeni mwa chumba, zimeanza kunuka, hakuna aliyekuja kuzichukua, naye akafikiri familia ingependa kupewa kitu chenye staha. Simlaumu mzee huyo hata chembe. Alitenda utu. Lawama ni ya aliyemwachia kielelezo cha kifo cha risasi bila bahasha, bila lebo, bila neno. Nguo kama hiyo huanikwa kivulini ikauka bila kukung'utwa, ikatandikiwa karatasi safi katikati ili upande wa tundu usisuguane na mwingine, kisha kila nguo ikafungwa peke yake ndani ya karatasi. Plastiki hufungia unyevu, damu ikaoza na kila kitu kikahama mahali pake. Hii si elimu ya ng'ambo. Ni bahasha ya kaki na kamba.

Nami nina kosa langu, nalisema. Nilihimiza mazishi ya haraka. Nilishughulika na kafani, sikuuliza nguo.

Kufua hupunguza mabaki sana, ila si lazima kufute yote. Madini ya risasi huweza kung'ang'ania nyuzi. Kwa hiyo "hakuna mabaki" kwenye shati lililofuliwa ni jibu lisilosema chochote kuhusu mita. Mbona ripoti haitaji popote kwamba shati lilifika maabara limefuliwa? Aliyeandika hakusikia harufu ya sabuni?

Jambo jingine. Kitambaa kile ni pamba iliyochanganywa na tetroni, yaani poliesta. Nilipolishika nililitazama kwa kioo changu cha kukuza, kile ninachotungia uzi kwenye sindano. Ncha za baadhi ya nyuzi kwenye ukingo wa tundu zimejikunja kuwa vichwa vidogo vigumu, kama vichwa vya pini. Tetroni hufanya hivyo ikipata moto. Siapi kwamba ni moto wa mtutu, maana naambiwa hata kasi ya risasi yenyewe huweza kuyeyusha nyuzi za aina hii. Lakini mtu wa hadubini angelitazama na kuandika. Ripoti yenu inasema shati "lilikaguliwa kwa macho."

3. Vipimo vinavyojulikana havikufanywa.

Niliposimuliwa jinsi kipimo cha Griess, cha kutafuta mabaki ya baruti kwenye nguo, kinavyofanywa nilidhani mzee ananitania, kwa sababu chombo chake kikuu ni pasi. Karatasi maalumu hutiwa dawa mbili, asidi ya sulfaniliki na alfa-naftoli, ikakauka. Nguo hulazwa juu yake, upande wa tundu ukiangalia chini. Mgongoni mwa nguo huwekwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya asetiki, jamaa ya siki, kisha hupigwa pasi ya moto. Mvuke husukuma naitraiti, kemikali zinazotokana na baruti, ziingie kwenye karatasi, na kila punje huacha kidoti cha rangi ya chungwa mahali palepale ilipokuwa imetua. Ukiinua nguo unaona ramani: vidoti vimesongamana, au vimetawanyika, au hakuna. Baadaye hufuata dawa iitwayo rodizoneti ya sodiamu, kutafuta risasi, yale madini. Huleta rangi ya waridi, na ukitia asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa ikageuka samawati ya zambarau, una jibu. Nguo ikiwa nyeusi au imelowa damu, picha za mwanga wa infraredi husaidia kuonyesha masizi ambayo jicho halioni.

Mtaniambia vipimo hivi vina historia mbaya. Kweli. Uingereza iliwafunga watu sita mwaka 1975 kwa mabomu ya Birmingham, na mojawapo ya nguzo za kesi ilikuwa Griess iliyofanywa mikononi mwao. Walitoka 1991, hawana hatia. Kosa pale lilikuwa kudai kwamba rangi kwenye mkono ni mabaki ya kilipuzi na haiwezi kuwa kitu kingine. Kwenye nguo yenye tundu hatuulizi tu kama naitraiti ipo. Tunauliza imetapakaa vipi kuzunguka tundu, na tunalinganisha.

4. "Zaidi ya mita moja" imetoka wapi?

Kulinganisha na nini? Hapa ndipo ripoti yenu inaponishangaza. Imetaja umbali bila kufyatua risasi hata moja ya majaribio. Bastola mbili za milimita 9 hazitemi sawa, na bastola moja haitemi sawa ikibadilishiwa aina ya risasi. Kwa hiyo mpimaji huchukua bunduki ileile na risasi za aina ileile, akapiga vipande vya kitambaa cha aina ileile kwa umbali unaojulikana, tuseme sentimita 5, 15, 30, 60, 90, kila umbali zaidi ya mara moja, akaweka alama anazozipata kando ya alama za kielelezo. Jibu halali huwa na mipaka miwili: si karibu kuliko hapa, si mbali kuliko pale. Bastola mnayo, imesajiliwa kwa afisa anayejulikana. Ganda mnalo.

5. Chembe mikononi.

Maabara iliona chembe 3 za fataki kwenye mkono wa kulia wa marehemu, na mpelelezi amezitumia kuonyesha kwamba "alihusika na silaha." Lakini OB inasema bastola ilikuwa bandia. Bastola bandia haina fataki. Basi chembe zilitoka wapi? Ama mkono wake ulikuwa karibu na silaha ya kweli ilipofyatuka, ama alizipata kwa kushikwa na mikono ya maafisa na kulazwa nyuma ya gari ambalo bunduki hupanda na kushuka kila siku. Chaguo la kwanza linapingana na mita 15. La pili linaifanya hoja yenu isiwe na uzito. Barry George alihukumiwa London mwaka 2001 kwa mauaji ya mtangazaji Jill Dando, na chembe moja iliyopatikana mfukoni mwa koti lake ilichangia. Hukumu ilifutwa 2007 kwa kuwa chembe ile haikuweza kubeba uzito iliobebeshwa, na 2008 akaachiwa huru.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu nimeshayasikia kwenye korido.

Kwamba jambo liko chini ya uchunguzi. Ni miezi 14. Uchunguzi ambao haujatafuta reflekta unachunguza nini?

Kwamba mwili umezikwa. Sitaki kaburi lifukuliwe, na mama yangu hataki. Ninachoulizia ni nguo.

Kwamba hakuna fedha. Hili ningelikubali kama ningekuwa nimeomba mashine ya hadubini ya elektroni. Nimetaja karatasi, pasi, na dawa ambazo maabara za jinai zimezitumia kwa miongo.

Kwamba fundi cherehani asiwafundishe wataalamu kazi. Sawa, basi wataalamu waandike. Ripoti ya kurasa mbili niliyopewa haina picha hata moja ya tundu yenye rula kando yake. Mimi hata suruali ya shule siikati bila futi.

Na yupo atakayesema ninachochea. Tarehe 17 Juni 2025 Wakenya tuliona kijana muuza barakoa akipigwa risasi ya kichwa katikati ya Nairobi, mchana, kamera zikitazama. Pale hakuna aliyehitaji kuuliza mita ngapi. Tulikotoka pia tunakujua: mwili wa Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, ulipopatikana karibu na kilima cha Got Alila mwaka 1990, umeungua na una jeraha la risasi kichwani, taifa lilidokezewa kwanza kwamba alijiua, na ni uchunguzi wa waliotoka Uingereza uliosema aliuawa. Mtaa wetu hauna kamera, na mdogo wangu hakuwa waziri. Alikuwa na shati na reflekta.

Ninaloomba ni hili, ndani ya siku 21:

(a) Reflekta itafutwe na ipatikane, au ofisi ya upelelezi iandike nani aliivua, saa ngapi, na aliikabidhi kwa nani.

(b) Shati lipelekwe kwa mpimaji asiye chini ya ofisi yenu, pamoja na maelezo ya wazi kwamba lilifuliwa. Lipimwe kwa hadubini, kwa infraredi, na kwa dawa, kwa mpangilio huo, ili dawa zisiharibu cha kuonekana.

(c) Zipigwe risasi za majaribio kwa bastola ileile. Mtaalamu wa familia aruhusiwe kuwapo. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza vifo vya kutiliwa shaka, uliorekebishwa 2016, unaitambua haki ya familia kushirikishwa, kwa hiyo siombi upendeleo.

(d) Maabara iondoe maneno "zaidi ya mita moja", au ioneshe yalikopatikana. Kama hayana msingi, kuandika "umbali hauwezi kukadiriwa" si aibu. Hilo nitalipokea hata kama linaniumiza.

(e) Nipewe picha zote za upasuaji na orodha ya kila mkono uliopokea vielelezo, kwa Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa mwananchi haki ya kupata habari.

(f) Faili ifike kwa hakimu kwa ajili ya uchunguzi wa kifo chini ya kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Sheria ya wakoroneri, maafisa wa kuchunguza vifo vya kutiliwa shaka, ilipitishwa 2017, lakini huku kwetu sijaonyeshwa ofisi ya mkoroneri. Hakimu tunaye.

Daktari Msimamizi, kwako nina ombi la pekee ambalo halihusu kesi yangu. Yule mzee wa mochari asiadhibiwe. Mpe bahasha za karatasi, kamba, kalamu ya wino usiofutika, na ukurasa mmoja wa maelekezo ukutani. Aliniuliza mwenyewe, "Mwanangu, kumbe nilikuwa nafua nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Mwisho, ili isije ikasemwa kwamba hakuna kitambaa cha kulinganishia. Jora nililokatia shati lile bado ninalo. Nimekata vipande 12, sentimita 40 kwa 40, sikuvifua wala sikuvipiga pasi. Wenzake wa steji walinunua reflekta zao siku moja, duka moja, na wanne wamezitoa. Vyote viko dukani kwangu, kila kimoja ndani ya bahasha yake ya kaki. Mtu wenu aje avichukue kwa sahihi. Nafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Ijumaa mchana.

Wenu katika kudai haki,

Fundi cherehani,
kaka wa marehemu